Soksi Zenye Mafundo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, upepo ukitoka ziwani na kutikisa madirisha ya foyer ya parokia, hapa hapa Kalemie, nchi bado ikiitwa Zaire. Foyer ilikuwa nyumba ambamo akina mama na wasichana tulifundishwa kushona, kupika na kufuma. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mimba yangu ya kwanza imenifikisha mahali ambapo hata kuinama kuokota sindano ni safari, na mkononi nilikuwa na soksi ya mtoto iliyokataa kuwa soksi. Wenzangu walijifunika vitenge kwa baridi. Mimi nilikuwa natoka jasho.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona ukiisukuma ile kofia unayoifuma chini ya godoro uliposikia sauti yangu mlangoni. Usishtuke. Macho yangu yamechoka kusoma, lakini kwa kumwona mtu anayeficha kitu bado ni mazima. Sikuja kukugombeza. Kaa hapa nikueleze habari za soksi zangu, halafu utaamua mwenyewe kofia ikae wapi.

Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Zongwe. Kabla sijajua kusonga ugali ukaliwa na watu, nilijua kushona wavu. Papa yangu alinikalisha kando yake mchangani, akanipa sindano ya mti, ile pana inayobeba kamba, akanifundisha fundo lake. Fundo la wavu, ukilifunga, unalivuta mpaka lilie. Likilegea, samaki wanakwenda zao na nyumba inalala njaa. Na wavu ukitoboka, unakata kipande cha kamba, unaziba tundu kwa mafundo, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo mikono yangu ilivyolelewa, na mikono haisahau shule yake ya kwanza.

Sasa sikiliza desturi ya nyumbani kwetu. Mtoto wa kwanza hapokelewi kwa nguo mpya. Anapokelewa kwa nguo iliyokwisha kuujua mwili wa mtu wa ukoo, ili asijione mgeni duniani. Kwa kawaida ni kitenge cha bibi yake, kile kilicholainika kwa kufuliwa. Lakini mama yangu alikuwa amefariki kabla sijaolewa, na baada ya matanga ndugu zake walikuja wakagawana vitenge vyake vyote, kama mila inavyotaka. Siwalaumu. Walimlilia dada yao, wakachukua nguo za dada yao. Kilichobaki cha mikono yake kilikuwa kimoja tu, nacho hakikuwa chake, kilikuwa cha Papa: sweta ya sufu ya buluu, sisi tuliita tiriko, aliyomfumia mumewe walipokuwa vijana.

Papa alilivaa lile tiriko kila alipoingia ziwani, tena alilivaa ndani nje. Tangu utoto wangu sikumbuki kuliona limevaliwa sawasawa. Wavuvi wenzake walimtania kwamba anavaa nguo gizani, naye alicheka pamoja nao, kesho akalivaa vile vile. Mimi nilidhani ni uzembe wa wanaume, maana wanaume tunawajua.

Aliposikia kwamba nina mimba, alikuja mpaka kwangu na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakavu. Hakuketi hata. Alilivua tiriko palepale mlangoni akanipa mikononi, likiwa bado na joto lake. Akasema, "Ulifumue, umufumie mutoto. Mama yako njo atamupokea, yeye mwenyewe." Kisha akaongeza kwamba mwezi ukiisha atapita tena, na atapenda kuona. Akarudi ziwani na shati tupu, katika upepo ule wa kiangazi.

Hapo ndipo uelewe kwa nini nilitoka jasho. Sufu nyingine haikuwepo. Mji wetu ulikuwa na kiwanda cha nguo, pamba tuliijua, lakini sufu ililetwa na wafanyabiashara wa Kigoma, na miaka ile maduka yetu yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Kama ningeiharibu ile, ningekuwa nimeharibu kitu cha mwisho kilichopita katika vidole vya mama yangu.

Basi nikaenda foyer. Mwalimu wetu wa kufuma alikuwa Mama Felista, mjane kutoka Mpala, mwanamke mnene, mpole, mwenye maneno machache na yote yana chumvi. Sindano zake zilikuwa za spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na ukizikosea zilikuchoma. Alinionyesha jinsi ya kufumua tiriko. Lo, raha ya kufumua! Unavuta uzi, na nguo nzima inarudi kuwa uzi mbele ya macho yako. Ila kila baada ya muda uzi ulikwama penye fundo. Nilikata, nikaendelea. Nilidhani ni Papa aliyekuwa akiliziba tiriko lake huko ziwani lilipotoboka.

Kisha nikaanza kufuma, na taabu ikaanza. Kufuma, mwanangu, ni kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, na kitanzi kinataka kupumua. Mimi nilivikaza vyote. Nilivuta uzi mpaka ulie, kama nilivyofundishwa, hata sindano ikakosa mahali pa kuingia. Kitanzi kimoja kikiponyoka, badala ya kurudi nyuma na kukiokota, nilikata kipande cha sufu nikaziba tundu kwa fundo la wavu. Uzi ukiisha, niliunga mwingine kwa fundo la wavu. Nilijiona fundi. Wenzangu walikuwa bado kwenye kifundo cha mguu, mimi nimekwisha kugeuza kisigino. Mkamia maji hayanywi, lakini nani angeniambia?

Mama Felista aliniambia. Asubuhi ile ya upepo alikuja nyuma yangu, akaichukua soksi, akaingiza vidole viwili ndani. Akavitoa, akaviangalia kama mtu aliyechomwa na miba ya samaki.

"Mutoto wangu," akasema, "wewe unashona wavu. Wavu njo wa kukamata. Soksi njo ya kupokea muguu. Huyu mutoto atakanyaga changarawe mbele ya kujua kutembea."

Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, ili nisilie. Akaniambia nifumue, nianze upya, si kitu, ndiyo uzuri wa sufu. Nikajaribu kufumua. Haikufumuka. Kila mahali nilipovuta, fundo langu lilishika, kama linavyopaswa kushika, na nilipovuta kwa nguvu, sufu ile ya zamani ilikatika. Mama Felista mwenyewe alijaribu, akatikisa kichwa. Akasema fundo hili aliyelifunga alijua kazi yake. Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile.

Sikuweza kwenda mbele, sikuweza kurudi nyuma. Sufu karibu yote ilikuwa imeingia katika zile soksi na kijishati kidogo, vyote vigumu, vyote vimejaa changarawe ndani. Nyumbani nililia mpaka mume wangu akadhani uchungu umeanza, akatoka mbio kumtafuta mkunga. Ilibidi nimkimbilie mlangoni, na tumbo lile, nimwambie arudi, ni habari ya soksi tu. Alinitazama kwa muda mrefu, masikini, akaamua kutouliza.

Na mwezi ukaisha, na Papa akaja.

Nilimwona anapanda njia kutoka upande wa ziwa, mabega ameyakunja kwa baridi. Aliketi, akanywa maji, akauliza habari za mwili wangu. Kisha akanyoosha mkono. Mwanamke kwetu, hata akiwa binti, baba yake humwita Mama, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa aliposema, "Mama, leta nione."

Nilimletea. Ningefanya nini? Alichukua soksi moja, ndogo katika kiganja chake kilichopasuliwa na kamba, akaingiza kidole gumba ndani. Nilikiona kidole kile kikitembea polepole juu ya mafundo yangu, kimoja baada ya kingine. Nikaanza kuomba msamaha, maneno na machozi vikitoka pamoja, kwamba nimeiharibu sufu ya mama, kwamba haifumuki tena.

Papa akaanza kucheka. Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti, lakini siku ile mabega yalimtikisika mpaka akafuta macho.

"Hii fundo ninaijua," akasema. "Njo mimi nilikufundisha. Na mama yako pia, njo mimi nilimufundisha, wakati tulikuwa wachumba. Na yeye alikuwa anakata uzi vile vile. Ile tiriko ilinikwaruza mugongo, Mama, nilikuwa ninavuta wavu huku ninalia."

Nikamuuliza alifanya nini basi.

"Niligeuza," akasema.

Na palepale, kwa kile kidole gumba, akaisukuma ile soksi ya mtoto kutoka ndani kwenda nje. Mafundo yote yakatoka yakasimama juu, mabaya, ya buluu, kila mtu ayaone. Akaniambia niingize kidole. Ndani palikuwa laini.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka yote ile watu walimcheka kwa kuvaa ndani nje, naye alinyamaza, kwa sababu aliyelifuma alikuwa mwanafunzi na alilifuma kwa mapenzi. Ndipo nilipoelewa na yale mafundo niliyoyakuta nikifumua. Hayakuwa ya Papa. Nilikuwa nimekata mafundo ya mama yangu ili nifunge yangu yale yale, na sikumtambua.

Mwanangu, unajua mzigo wa kuni unapokushuka kichwani baada ya njia ndefu, shingo inavyoshangaa? Ndivyo nilivyokuwa. Nilicheka nikiwa na kamasi puani. Nilikula siku ile ugali wa watu wawili. Sikuwa nimemharibu mama. Nilikuwa nimemfuata hatua kwa hatua bila kujua njia ni yake.

Nilipomweleza Mama Felista, alitua sindano zake akacheka mpaka benchi likalalamika. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu. Alitafuta mabaki yangu ya sufu, akanionyesha jinsi ya kuunga uzi bila fundo, ukiacha nyuzi mbili zitembee pamoja kidogo kabla ya kuachana. Akanifunza kushika uzi kama unavyoshika kifaranga: ukikaza unamuua, ukiachia anakimbia. Vidole vyangu vilichukua muda kuamini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na baada ya hapo nimefuma soksi, kofia na matiriko ya watoto wa nusu ya mtaa huu, tena laini pande zote mbili.

Lakini mtoto wangu wa kwanza, msichana, tuliyempa jina la mama yangu, alipokelewa na soksi zile za mafundo, zimegeuzwa. Siku ya ubatizo niliwasikia wanawake nyuma yangu wakinong'onezana kwamba huyu mama kijana amemvisha mtoto kwa haraka, masikini, hana mama wa kumwelekeza. Papa alikuwa kando yangu, akanitazama, tukainamisha vichwa kama watu wanaosali. Mtoto alilala misa nzima, miguu yake ina joto.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na ishike kwa vidole vilivyolegea. Kila kazi mpya utaiendea na mikono ya kazi ya zamani. Usijichukie kwa hilo, ila muulize anayejua kabla hujakaza. Linalofumuka, lifumue mapema, uzi hautakudai kitu. Na lisilofumuka, maana maisha yana mafundo mengi ambayo hata mwenye kuyafunga hawezi kuyafungua, lisilofumuka usilitupe wala usilifiche chini ya godoro. Ligeuze. Upande laini umwelekee unayempenda, mafundo yaelekee watu. Watu watacheka kidogo, kisha watakwenda kupika. Na akitokea mtu kukufumia kitu kwa mikono isiyojua bado, kivae mbele za watu kama Papa alivyovaa lake.

Haya, inuka, leta hiyo kofia tuione pamoja. Mungu akubariki wewe na huyo aliye tumboni, azilainishe siku zako upande wa ndani, na siku kazi ya mikono yako itakapokuaibisha, asikose mmoja nyumbani mwako wa kuigeuza na kuivaa.