Kidaka cha Bibi

Chokaa mbichi ina harufu kali inayokwaruza koo, na kila niinusapo narudi mwaka ule nilipotimiza miaka tisa, nchi ikiwa bado changa katika uhuru wake, na nyumba yetu ya mawe hapa Mahajanga, Madagaska, ikigawanywa vipande viwili. Aliijenga babu yake mama, mfanyabiashara wa karibu na bandari. Kuta zilikuwa za matumbawe, nene kiasi kwamba ningeweza kujilaza dirishani nikasinzia. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, maana chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti zake. Wageni waliona vimebana. Mimi nilijua vina ubaridi ambao nyumba za mabati za mtaa wa Tanambao hazikuwahi kuuota, na nilijivunia jambo hilo shuleni bila haya.

Kwetu sisi Wakomori nyumba ni mali ya watoto wa kike. Mwanamume huoa akahamia kwa mkewe. Kwa hiyo mama mdogo Zahara aliporudi kutoka kisiwa cha Nosy Be, ambako mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha mafuta ya mlangilangi, nusu ya nyumba ilikuwa haki yake na hakuna aliyebisha. Ugomvi ulikuwa ni wapi ukuta upite. Upande wa mbele ulikuwa na mlango mkubwa wa kuchongwa, wa nyuma ulikuwa na kisima, na kila mmoja alitaka vyote viwili. Mwishowe mama akapata mlango, Zahara akapata kisima, na dada hao wakanuniana kabisa. Majirani hawakuingilia. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.

Bibi, mama yao, hakuwasema. Aliketi mbele ya fundi mwashi na kumwonyesha kwa mkongojo mahali pa kuacha kidaka, tundu la ukutani la kuwekea vyombo, ila hiki kipenye pande zote mbili. Fundi akamwambia kwa Kimalagasi kwamba ukuta wenye tundu si ukuta.

"Wewe jenga," Bibi akamjibu. "Tundu nitalijaza mimi."

Mama alitundika pazia siku hiyo hiyo. Harufu ya mlangilangi ya Zahara ilipenya hata hivyo, na mama akawa anapiga chafya za makusudi. Mimi nilihuzunika kweli, kwa sababu binti yake Zahara, Echati, aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza maishani tangu walipofika, sasa alikuwa sauti tu nyuma ya chokaa.

Bibi akachagua kuishi upande wetu, usio na maji. Kila asubuhi aliinua pazia na kuomba maji, na Zahara angemnyimaje mama yake? Aliyatoa katika sufuria yake mwenyewe. Nayo ingerudije tupu? Mkono mtupu haulambwi, na mama hakuwa tayari kuibeba aibu hiyo. Akaijaza mihogo ya nazi. Kesho yake Zahara akajibu kwa mchuzi wa samaki. Miezi miwili ndugu wale walipikiana bila kusemezana, mimi na Echati tukipokezana sufuria.

Kisha ikaja wiki moja tuliyokunywa maji mengi sana. Mchana mmoja mama aliweka tonge chini, akaenda kidakani, akalifunua pazia na kusema kwa Kikomori chetu, "Zahara, chumvi imezidi."

Zahara akainamia kidaka upande wa pili.

"Leo siku ya nne naizidisha, dada. Nilidhani hata ulimi wako umeninunia."

Bibi aliendelea kula.

Wote watatu wametangulia mbele ya haki. Mlango sasa ni wangu, kisima ni cha Echati. Mji umejaa nyumba za saruji zenye vyumba vipana, ambamo dada wawili wanaweza kununiana mpaka kaburini bila kikwazo chochote. Echati anataka kuuza nusu yake kwa mtu atakayewapangishia watalii, na mnunuzi huyo ameshasema kidaka kizibwe. Mwezi mzima hatujasemezana, ingawa sahani bado zinapita. Watu huniuliza kama siogopi kuipoteza nyumba. Siogopi. Tangu juzi nazidisha chumvi.