Jumamosi Sita Jalalani

Msinisifu! Watu wakimtaja marehemu Dada Ernestine Pettway, mpishi wa ile shule yetu ya weusi hapa Alabama, hunitaja na mimi, Lucius Gadsden, mfagizi wa shule, eti nilimsaidia kutafuta picha ya mwanawe. Nilimsaidia nini, mimi zee la aibu?

Yule mama alitia saini kesi ya kudai watoto weusi na weupe wasome pamoja. Mchungaji alipopitisha karatasi kanisani, sisi wanaume tulitazama viatu vyetu. Yeye akaandika jina lake lote. Wiki haikuisha, nyumba yake ikatiwa moto, kikateketea kila kilichokuwamo. Mwanawe wa pekee, Delmar, alitoka na nguo za kulalia tu. Baadaye kijana akapelekwa vitani Vietnam. Aliahidi kutuma picha, hakuwahi. Akarudi ndani ya sanduku lililofungwa. Duniani ikabaki picha yake moja, ya timu ya mpira, ukutani pale shuleni.

Kesi ilizunguka miaka minne. Mwaka 1970 jaji akaamua: watoto wote, weusi kwa weupe, shule moja. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kumbe shule moja maana yake shule yao! Yetu ikafungwa, mwalimu mkuu wetu akapewa kazi ya kugawa vitabu, na Ernestine aliyeshinda kesi akakosa kazi. Mimi nikabakizwa.

"Lucius, safisha kuta za shule yenu," bosi wangu mpya, Mzungu, akaniambia. "Choma picha zote."

Ningeweza kuficha picha moja ndani ya shati. Moja tu! Lakini nilikuwa mbioni kumpendeza bosi. Nikazibeba mafungu kwa mafungu hadi kwenye pipa nyuma ya jiko, nikawasha kiberiti.

Jumatatu Ernestine akaja. "Kaka Lucius, nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Mungu wangu! Ulimi ukanitangulia. "Lori la kaunti limezibeba, dada. Wamezitupa jalalani."

"Washenzi wakubwa! Haya, Jumamosi nakwenda kutafuta."

Akaenda kweli. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua Jumamosi sita. Nilifuatana naye, maana ningekaaje nyumbani? Mama wa miaka hamsini na ushei, kofia ya kanisani kichwani, anapekua makopo na nepi kwa fimbo. Adhuhuri ananikatia mkate wa mahindi.

"Kula, Kaka. Wengine wamenipa pole. Wewe umekuja."

Ule mkate ulinikwama kooni kila wiki, na kila wiki niliumeza.

Jumamosi ya sita akakanyaga chupa, damu ikajaa kiatuni. Nilipiga magoti nimfunge leso, nikashindwa kuendelea.

"Dada, haimo humu. Niliichoma mimi. Kwa mkono huu huu."

Nilingoja kofi, na haki ya Mungu nililitamani. Yeye akaketi juu ya gurudumu bovu.

"Basi wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona," akasema. "Hebu niambie, Lucius. Alikuwa anacheka, au amefunga mdomo? Nimeanza kusahau."

Nilizibeba picha zile nimezigeuza, nyuso chini, nisije nikamwona mtu ninayemjua.

"Sikumtazama, dada," nikamjibu.