Nilimkana Mbele ya Kaka Yake

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Mimi sioni tangu utotoni, kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo na mwenzangu wa chumbani ndiye anayeandika. Hata yeye nimemficha jambo hili mpaka leo.

Naishi kwenye makao ya walemavu, mtaa wa Gerezani, nyuma ya magereji. Humo ndimo nilimpata Anna. Si jina lake la kweli. Miguu yake haina nguvu, anatumia kiti cha magurudumu. Jumamosi tuliruhusiwa kutoka, nami nilikuwa namsukuma mpaka Kariakoo. Mimi miguu, yeye macho.

"Kulia kidogo, kuna mkokoteni. Simama. Mama wa watu kapanga nyanya chini, utamsagia."

Nilikuwa nacheka njia nzima. Mwaka wa pili tukakubaliana tuoane.

Ila makao yetu hayataki mapenzi. Matroni alishatuambia, wakikutwa wawili wanapendana, mmoja anaondoka. Na mimi sina pa kwenda. Nyumbani walinileta hapa, wakabadilisha na namba za simu.

Asubuhi moja baada ya chai nikaitwa ofisini. Nikasikia sauti ya Anna, na ya mwanaume nisiyemjua. Matroni akasema, "Huyu ni kaka yake, ana duka la vyombo Kariakoo." Nikajua kuna mtu katuchoma kwa matroni.

Kaka akauliza taratibu, "Ndugu yangu, wewe na dada yangu mna mpango gani?"

Nikajibu haraka, "Hakuna mpango wowote, kaka. Mimi namsukuma tu ili nipate wa kunionyesha njia. Mwanamke asiyetembea nitamfanyia nini?"

Jamani, nilisema hivyo. Na Anna amekaa palepale.

Kaka akasema, "Basi, nimekuelewa." Nikasikia magurudumu yanatoka, anayesukuma si mimi.

Jioni matroni akanifuata. "Wewe ni mtu wa ajabu sana. Yule kaka alikuja kuwaombea ruhusa. Alishawatafutia chumba cha chini, kisicho na ngazi, karibu na duka lake. Anna amembembeleza miezi mingi."

Nilikaa chini pale pale koridoni.

Wiki ile ile Anna akapelekwa kwao Moshi. Nimempigia mpaka nimechoka. Mara moja tu alipokea. Nikamwambia niliogopa kufukuzwa.

Akasema, "Hata mimi niliogopa. Lakini siku ile nilikuwa nakutazama usoni. Wala hukusita."

Akakata.

Siku hizi Jumamosi sitoki. Wenzangu wanataka kunishika mkono twende wote, nakataa. Chakula hakipiti. Kuna siku naomba nisiamke.

Ninyi mnaopendana kwa kujificha, siku ukiulizwa mbele ya mwenzako, mkubali, hata kama utalala nje. Mimi nilikuwa nalinda kitanda kwenye chumba cha watu sita. Hicho kitanda ninacho.