Taa Aliyoizima Torhild

Watu wa Nesvik walimjua Torhild kwa ulimi mkali na kahawa chungu. Kazi yake ilikuwa kwenye mnara wa kiwanja kidogo cha ndege, pwani ya kaskazini ya Norwe, na chombo alichokienzi kuliko vyote ni taa ya mkononi ya kuwamulikia marubani ambao redio zao zimekufa. Kijani ya kupepesa: rudi, jiandae kutua. Kijani iliyotulia: tua. Nyekundu ya kupepesa: hapa pana hatari, usitue.

Asubuhi moja ya vuli mdogo wake Gudmund, rubani wa ndege ya barua, alikuja redio yake ikiwa bubu. Na kondoo wa jirani walikuwa wametapakaa kwenye njia ya kutua, mzimamoto wa kiwanja akiwafukuza kwa matusi. Torhild akapepesa nyekundu. Gudmund akayumbisha mabawa, yaani nimekuona, kisha akaanza kushuka.

"We Gudmund, una wazimu?"

Ndipo Torhild alipoikumbuka ndoo. Kila vuli walipokwenda msituni kuchuma matunda mekundu, Gudmund alirudi na ndoo ya mabichi matupu. Watu walimcheka kuwa ni mvivu, naye akacheka nao. Kumbe ameona mpepeso, hakuona rangi; kwake nyekundu na kijani ni moja. Akimmulikia nyekundu iliyotulia, ataisoma kuwa kijani ya kutua.

Akaizima taa.

Bila ruhusa ya taa Gudmund hakuthubutu kutua. Ndege ikapita juu ya kondoo, ikapaa tena, ikazunguka. Njia ilipokuwa tupu, Torhild akampa kijani iliyotulia.

Gudmund alipanda ngazi akicheka. "Dada, umelala kazini? Unaniita, halafu unazima!"

"Nilikupa nyekundu."

Kicheko kikamkauka. Akakaa.

"Kile kitabu cha daktari cha kupimia macho nilikikariri," alisema. "Sijui kazi nyingine, dada. Usiseme."

Torhild hakuwa na mtu aliyempenda kuliko huyu, na siku hiyo alitamani angempenda kidogo tu. Alimmiminia kahawa, akainua simu ya kwenda makao makuu ya usafiri wa anga.

"Usiondoke. Nataka unisikie nikisema, usije ukaletewa habari na watu."

Gudmund hakumsemesha majira yote ya baridi, wala kiangazi. Vuli ilipoingia alitokea mlangoni na ndoo. Wakaenda msituni, Torhild akachuma, yeye akabeba.