Baba mdogo alikuja exhibition akakuta picha yake kwa ukuta wa marehemu

Wakuu, niaje. Hii sikuambiwa, nilikuwa hapo. Mwenye ataniita mwongo aulize watu wa Kanduyi, bado wanacheka.

Miaka ya tisini mwanzo mwanzo, kanisa letu hapa Bungoma liliandaa exhibition kwa hall. Maisha ya Uganda chini ya jeshi. Huku kwetu karibu kila boma ilikuwa na mtu alikimbia kutoka ng'ambo, so vitu vilikuja vingi. Sufuria imetobolewa na risasi. Kipande ya sabuni mama fulani alificha tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni.

Kila kitu ilikuwa nyuma ya kamba, na kibao: USIGUSE. Mimi nilikuwa mwalimu, nikapewa kazi ya kuchunga hiyo kamba.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa picha za watu hawakurudi. Kukhu, yaani nyanya yangu, alileta ya baba mdogo Wekesa. Huyu alikuwa fundi wa nguo Mbale. Wanajeshi walibeba majirani wake, na yeye habari ikapotea kabisa.

Kukhu alingoja miaka mpaka wazee wakasema inatosha. Kwetu mwili ukikosekana tunazika mgomba. Tukazika mgomba na mizizi yake, umevalishwa koti ya Wekesa ya Krismasi. Watu walilia huo mgomba kabisa.

Sasa Saturday mchana, mzee mmoja akasimama mbele ya hiyo picha, hasongi. Nikamwambia, "Mzee, songa wengine waone."

Akasema, "Ngoja bana. Hapa nilikuwa handsome."

Nilidhani amelewa. Halafu nikaona masikio. Masikio ya kwetu yamesimama kama ya sungura, huwezi kosea.

Kumbe miaka yote tangu tumzike alikuwa anashona nguo Kitale. Kitale, wakuu! Hapo tu, unaenda na kurudi kabla ya chai ya jioni.

Nilikasirika, nikamuuliza kwani sisi tulimkosea nini. Akaniambia alijificha Uganda miaka kadhaa, halafu akatoroka kwa kupitia mlimani, akashukia Kitale, akaanza safari ya nyumbani. Kufika Kamukuywa akakutana na jirani yetu. Jirani akatupa gunia la vitunguu na kutimua mbio. Ndio akajua tayari amezikwa, akageuka akarudi Kitale.

"Sasa mtu amezikwa anaingia kwa mamake kufanya nini? Nimpelekee kifo?"

Huo ni mwiko wetu. Ukishazikwa, huingii bomani mpaka wazee wakutakase; hall ya kanisa si boma, ndio akathubutu kuja. Na nani angeenda kuita wazee? Marehemu mwenyewe?

Kukhu akaitwa. Alikuja na slippers mbili tofauti. Baba mdogo akiwa ndani ya kamba na picha yake, Kukhu akasimama nje, juu hata yeye hawezi kumgusa kabla ya kutakaswa. Hapo moyo uliniuma sana.

Wageni wakadhani ni sehemu ya exhibition. Mmoja akapiga makofi.

Kukhu akasema tu, "Umekonda."

Baba mdogo akajibu, "Na koti yangu iko wapi?"

Wiki hiyo hiyo wazee wakaja. Kondoo ikachinjwa kwa gate, akatakaswa, akaingia. Vile Kukhu alimshika sijawahi ona. Nililia, na sina aibu.

Ikabaki shida ya kaburi. Ule mgomba ulichipua zamani ukazaa, na Kukhu hakuwa anaruhusu mtu aguse. Ndizi zilikuwa zinaoza hapo tukiangalia. Wazee wakampea baba mdogo panga akate mwenyewe. Kukhu akapika. Tukakaa tukizunguka sufuria, hakuna mtu anataka kuonja kwanza.

Baba mdogo akachukua moja, akatafuna polepole, akatuangalia.

"Kumbe nimekuwa mtamu hivi."

Nilichojifunza: msiharakishe kuzika mtu wa ng'ambo, na ukisikia umezikwa, tuma mtu. Usijifiche Kitale.

Kwenu mtu akizikwa halafu arudi, mnamwingiza aje? Semeni hapa. Na kama kuna mwenye anajua fundi wa makoti, anitag, juu mzee amekataa kujishonea, na bado anaulizia yake.