Nilichaguliwa kwenda kukimbia Ulaya kwa jina la Shabani, nikabaki Tandika

Wakuu, heshima kwenu. Humu kila mtu anasimulia alivyotoka kimaisha, mie leo naleta stori ya kubaki. Sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga ningeipa mwisho mzuri.

Miaka ya tisini mwanzoni, kwetu Tandika, Temeke. Jina langu Hamisi. Darasa la saba nilifeli.

Vijana wa sasa hii hamtaielewa. Kurudia la saba ilikuwa marufuku, na nafasi za sekondari zilikuwa za kugombania. Kwa hiyo wazazi wanakuhamishia shule nyingine, mwalimu mkuu anatafuta jina la mtoro ambaye bado yumo kwenye rejista, unakaa kwenye jina lake. Wengi humu mna vyeti vya hivyo, msijifanye watakatifu.

Mie nikapelekwa kwa shangazi Kinondoni, nikawa Shabani. Shabani mwenyewe alishaacha shule, anabeba ngozi machinjioni Vingunguti.

Sasa huyu Shabani wa bandia alikuwa na mbio balaa. Mita 1500 nakimbia pekupeku, nawaacha wenye raba za mitumba. Wilaya nikashinda, mkoa nikashinda.

Ndipo ikaja barua. Mji mmoja wa Ulaya umealika majiji ya dunia yalete watoto wasiozidi miaka kumi na tano kwenye mashindano ya michezo. Dar inapeleka sita. Mie nikatajwa wa kwanza.

Wakuu, hata lifti nilikuwa sijawahi kupanda!

Tukawekwa kambi shuleni na kocha wetu, tunalala madarasani. Tukapewa trakisuti za bluu, mgongoni zimeandikwa DAR ES SALAAM. Mtihani wa la saba nilikuwa nimeshaufanya, nasubiri majibu. Nikirudi Tandika Jumapili, watoto wananifuata mtaa mzima. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na sisemi hivyo kunogesha.

Pasipoti ikataka cheti cha kuzaliwa. Changu kipo, kina jina la Hamisi. Baba akasema twende kwa kina Shabani tukaombe chake.

Mama yake alitupokea vizuri hadi nikaona aibu. Akatoa cheti kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

"Nenda baba, ukakimbie," akaniambia. "Angalau jina la mwanangu lipande ndege."

Shabani alikuwepo, amekaa mlangoni. Aliitazama trakisuti yangu.

Njiani nilikisoma kile cheti mara kumi. Nilikuwa naangalia jina. Tarehe ya kuzaliwa sikuiangalia, wala baba.

Kocha akaiangalia.

Kesho yake tukaitwa ofisini, mie, baba na mwalimu mkuu.

"Shabani, mbona hapa una miaka kumi na saba?" kocha akauliza.

Hamisi alikuwa na kumi na tano kasoro miezi. Nilikuwa nafaa kabisa. Nilichotakiwa kusema ni kwamba mimi siyo Shabani. Lakini nikisema, mtihani wangu unafutwa na mwalimu mkuu anapoteza kazi. Yeye alikuwa anapanga kalamu mezani, haniangalii.

Nikafungua mdomo. Baba akanibana goti chini ya meza.

"Kocha, mtoto alichelewa kuanza shule," akasema. "Tusamehe."

Kocha alisikitika kweli. Akaomba trakisuti. Niliivua palepale, ndani nilikuwa na bukta. Alipewa kijana ambaye nilikuwa namwacha nusu raundi.

Nje baba akaniambia, "Utasoma. Mbio utakimbia hukohuko sekondari."

Nikamwamini.

Wenzangu wakaenda, wakarudi na picha za theluji. Mie nikawa nakwepa njia ya uwanjani.

Kisha majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakabandikwa ukutani. Nikatafuta la Shabani. Halimo. Nikarudia kuanzia juu. Halafu wakuu, nikaanza kutafuta Hamisi. Sijui nilitegemea nini, Hamisi hakufanya mtihani wowote.

Sikukimbia tena.

Nilichojifunza ni kwamba ukiwa na ukweli wa kukuokoa, useme hata kama umebanwa goti. Baba alifariki bila kuligusia hili. Huwa nasema simlaumu. Naongopa, namlaumu.

Nyie mliosomea majina ya watu, shusheni yenu hapa chini, nisionekane peke yangu.

Na Shabani, kama umo humu: kwenu hatukurudi tena, tuliona aibu. Mama yako hakuna aliyemwambia kwamba jina lako halikupanda ndege. Cheti chako bado ninacho, kwenye nailoni ileile.