Oili Iliyopita Alama

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu sare za shule alizoshona zilikuwa na pindo nene ambalo mzazi angeweza kulifumua mara tatu kabla nguo haijawa fupi. Mumewe walimwita Taratibu. Huyo aliendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka, iwe barabarani, iwe mezani. Hata kuchumbia alichumbia kwa gia ya kwanza. Alipita dukani kwa Mama Pindo miaka minne kabla ya kusema la maana, mpaka mama mkwe akadhani kijana amependa cherehani.

Miezi saba iliyopita Taratibu alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakampotea siku moja. Aliyebaki pale barazani, kwenye kiti chenye mito miwili, alikuwa na macho yake yaleyale, mkono wa kushoto, na sauti moja tu, "aa," ambayo hukujua kama ni ndiyo au siyo.

Kila Alhamisi ilibidi apelekwe hospitali kunyooshwa viungo. Mara ya kwanza Mama Pindo na jirani walipomwingiza kwenye gari lao dogo la kijivu, aliushika mlango kwa mkono wake mzima, usifungwe. Walimbembeleza, wakamkemea, wapi! Ndipo Mama Pindo akakumbuka kwamba mtu huyu hajapata kuwasha injini maishani mwake bila kuona oili kwanza. Akafungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena, akampelekea juu ya kipande cha kitambaa cheupe. Taratibu alikitazama kitambo, akafumba macho polepole, akauachia mlango.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao. Alhamisi alfajiri, injini ikiwa baridi na jua halijaamua kutoka, Mama Pindo alivuka ua kwenda barazani akiwa na kijiti mkononi kwa uangalifu wote, oili isidondoke. Aliipenda safari hiyo ya hatua sita. Ukungu ulikaa juu ya ukuta, kuku wa jirani hawajaanza fujo zao, na kwa dakika moja alijisikia kama bado ni mke wa dereva, kama mumewe anaondoka na lori na atarudi keshokutwa na vumbi kwenye nyusi. Kisha kulikucha. Majirani wakimwuliza hali ya mgonjwa, alijibu palepale mbele yake, "Haelewi kitu, maskini. Nampa kijiti aone tu, kama mtoto anavyopewa funguo achezee."

Binti yao, mfanyakazi wa benki katika mji mwingine, ndiye aliyetaka gari lifanyiwe sevisi kwa kampuni yenyewe iliyoliuza, si kwa mafundi wa vichochoroni. Akalipia kila kitu kwa simu. Gari lilirudi linang'aa, linanukia maua ambayo hayajawahi kuota popote, likiwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama za vema thelathini na sita.

Alhamisi iliyofuata Mama Pindo alivuta kijiti akaona oili imeipita alama ya juu kwa karibu vidole viwili. Moyo wake ukafurahi. Miaka yote alijua jambo moja kuhusu vipimo: nguo ikizidi hukunjwa, ikipungua ndiyo hasara. Alama aliyoiogopa ni ile ya chini. Hii ya juu aliiona kama nyongeza, kama vile muuza vitambaa anavyomkatia mteja mzuri shubiri moja ya bure. Watu wa kampuni wana roho nzuri, alijisemea, akakipeleka kijiti kwa mumewe.

Taratibu alitazama. Akatazama tena. Macho hayakufumba. Walipomwingiza garini, akaushika mlango usifungwe.

"Mume wangu, tunachelewa."

"Aa," alisema Taratibu. "Aa. Aa."

Hawakwenda. Alhamisi ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Mganga wa viungo akapiga simu kuonya kwamba vidole vya mkono ule uliolala vikikaza mwezi huu, vitabaki vimekaza. Jioni hiyo binti naye akapiga, na Mama Pindo akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili aendelee kutia vifungo.

"Mama, baba anazidi kutupotea," alisema binti. "Nimepata nyumba wanayotunza wagonjwa kama yeye. Ni safi, nimeiona kwa macho yangu. Na gari nimeshalipatia mnunuzi, anakuja Jumamosi. Upumzike sasa, mama yangu. Umechoka."

Kweli alichoka. Mgongo ulimuuma, na usiku alikuwa akiamka kumgeuza mtu mzito kuliko yeye. Lakini alipomwazia Taratibu ameketi katika chumba cha watu asiowajua, na kile kiti cha mito miwili kiko kitupu barazani wakati mwenyewe yu hai, alishona mkono wa shati kinyume na hakugundua mpaka asubuhi. Alimpenda yule mzee. Alimpenda hata sasa, na hilo lilimshangaza.

Ijumaa, akifumua ule mkono wa shati, ndipo wazo likamjia. Kabla mumewe hajabadilika, kilibadilika kitu kimoja tu: gari lilikwenda sevisi. Pengine walitoa kitu. Pengine ni ile harufu ya maua. Akamwomba jirani akae na mgonjwa, akachukua funguo.

Pale kwenye kampuni palikuwa kama mahali pa kuotea ndoto. Kuta za kioo, sakafu unayojiona uso, baridi ya mashine, na magari mapya yamesimama kimya bila tone la tope. Kijana wa mapokezi, mwenye tai, alimkalisha kwenye kochi lililommeza mpaka magoti yakawa juu kuliko tumbo. Mama Pindo akasinzia. Aliota Taratibu anaendesha lori juu ya barabara ya kitambaa cheupe, naye yuko mbele anaipinda kingo, anashona mbio ili barabara isimwishie. Akaamshwa na tai.

"Mama, gari lako halina tatizo. Vipengele thelathini na sita vyote tumevikagua."

"Mgonjwa wangu analikataa."

"Analikataa gari?"

"Namwonyesha oili, analikataa."

Kijana alijikaza asicheke, lakini tai ilitikisika. "Pole sana, mama. Hiyo sasa ni ya hospitali, si ya kwetu."

"Mwanangu," alisema Mama Pindo kwa upole wa mtu ambaye haondoki, "mimi nikimshonea mtu suruali akarudi kusema inambana, simwambii aende hospitali. Namwambia avae nione. Niitie fundi."

Fundi mkuu alitoka nyuma akipangusa mikono, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli ya bluu. Aliliacha gari litulie, akavuta kijiti, akafuta, akarudisha, akavuta. Akarudia tena.

"Wewe wa tai," alimwita kijana, "akina nani walilishika gari hili?" Ikaulizwa, ikajulikana. Mmoja alimimina oili, zamu yake ikaisha, akaenda zake. Wa zamu ya pili akakuta kidumu kingine mezani, akadhani bado, akamimina. Kila mmoja akaweka vema yake.

"Imezidi zaidi ya lita," alisema fundi. "Ungeendelea hivi, ingechapwa mle ndani mpaka iwe povu, na povu halilainishi chuma. Siku moja injini ingekufia katikati ya barabara. Nani aliiona?"

"Mimi niliiona. Nikadhani mmetupa nyongeza."

Fundi alicheka mpaka akajishika kiuno. "Sasa nani alikwambia si sawa?"

"Mume wangu," alisema Mama Pindo. "Mume wangu ndiye aliyeona."

Walipunguza oili, wakaomba radhi, tai ikainama mara tatu. Alirudi nyumbani polepole, madirisha wazi, na furaha imemjaa hadi akawa anaongea peke yake. Yumo! Yumo mle ndani, yuko vilevile, dereva wa miaka thelathini na mmoja! Alikuwa amefika kona ya sokoni furaha ile ilipomgeukia. Kama anaona, basi anasikia pia. Akaegesha pembeni. Alikumbuka yote aliyoyasema juu ya kichwa cha yule mtu kwa miezi saba. Alimkumbuka jirani siku aliyokuja kupima gauni, na yeye mwenyewe akisema na pini mdomoni, "Bora Mungu angemchukua siku ileile, tukapumzika wote." Taratibu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale.

Alimkuta barazani. Jirani alipoaga, Mama Pindo alivuta kigoda akaketi chini kabisa, uso wake chini ya uso wa mumewe.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Oili ilizidi." Kisha akasema, "Na yale yote niliyokuwa nikiyasema hapa. Uliyasikia?"

Taratibu alimtazama muda mrefu. Jicho la kushoto likajaa, machozi yakashuka taratibu, na mkono wake mzima ukaja ukatua juu ya kichwa cha mkewe, mzito, ukakaa palepale. Mama Pindo alilia bila kuficha uso. "Nisamehe," alisema. "Nilikuzika ukiwa hai."

Simu ikaita. Ni binti, anauliza mnunuzi afike saa ngapi.

"Asije. Na ile nyumba waambie asante."

"Mama! Kwani baba anaendeleaje?"

"Usiniulize mimi," alisema Mama Pindo, akaiweka simu kwenye sikio la mumewe. "Baba yako huyu hapa. Anakusikia."

Miezi saba binti alikuwa amepiga kila wiki, akauliza dawa, akauliza choo, akauliza fedha za mganga. Sasa sauti ndogo ikatoka, sauti aliyokuwa nayo akiwa darasa la kwanza.

"Baba, shikamoo."

Midomo ya Taratibu ikaanza kuhangaika. Mama Pindo aliishikilia simu kwa mikono miwili, na wote watatu wakangoja.